Kabla ya kulipia laptopu ya mtumba, ifunike

Mimi nafanya kazi kwenye meza sita. Nazungumzia zile desktopu pepe za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows: kioo ni kimoja, lakini unaruka kutoka ukurasa mmoja wa madirisha kwenda mwingine; ila tangu nizizoee naziita meza na sibadiliki tena. Ya kwanza ina hati ninayoitafsiri, chanzo kushoto, tafsiri kulia. Ya pili kamusi. Ya tatu barua pepe, ya nne ankara za wateja wasiolipa, ya tano terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ya sita ni mambo yangu. Kuzipanga zote asubuhi, kila dirisha mahali pake, kunanila robo saa nzima.

Mwaka jana nilinunua laptopu Kariakoo, nyembamba, inang'aa, muuzaji anaishika kwa vidole viwili kama sahani ya harusi. Nikaweka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, nikapanga meza zangu, nikafunika nikaenda kula. Narudi, nafunua: kioo cheusi, feni inavuma, nabonyeza hiki na kile, kimya. Nikashikilia swichi mpaka ikazima. Meza sita zimekwenda na maji. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu niliitoa kwenye begi ikiwa ya moto kama pasi, betri asilimia nne. Dukani nikaambiwa, "Dada, mbona na Windows inawaka vizuri?"

Kwa hiyo humu sitaongelea kasi ya prosesa wala urembo wa kioo. Naongelea usingizi tu: ukifunika ilale, ukifunua iamke, na kila dirisha liwe pale ulipoliacha.

Najua kuna watakaosema zipo programu za kurudisha madirisha. Zipo, nimezitumia. Xfce, mojawapo ya sura za desktopu za Linux, inaweza kuhifadhi kikao unapotoka. Ukiwa kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye kioo, amri ya `wmctrl` inalisukuma dirisha mpaka meza unayotaka. Watu wa i3, desktopu ya kupanga madirisha kwa kibodi, wanaandika `assign` kwenye faili la mipangilio na kutamba nayo. KDE Plasma, desktopu nyingine, ina kanuni za dirisha, unaiambia kwamba kamusi ikae meza ya pili daima, na inatii. Hiyo ndiyo naipenda zaidi. Tatizo linabaki palepale: zinakurudishia dirisha, hazikurudishii ulichokuwa umefikia ndani yake. Ule mstari ambao hujauhifadhi haurudi. Na kwenye Wayland, mrithi wa X11, ambayo Ubuntu, toleo jingine la Linux, imeifanya chaguo la kawaida tangu toleo la 21.04, programu hairuhusiwi kujichagulia mahali pa kukaa kwenye kioo, na `wmctrl` haiyaoni madirisha ya Wayland yenyewe. Ule mtindo wa zamani wa kuyapanga kwa skripti umekwama hapo.

Basi nenda dukani na flashi yenye Linux Mint. Iwashe laptopu kutoka kwenye flashi, fungua terminali, andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona neno `deep`, mashine ina usingizi mzito, ule unaoitwa S3: karibu kila kitu kinazimwa, RAM, ile kumbukumbu ya muda, pekee inabaki na umeme kidogo wa kushika kazi yako. Ukiona `s2idle` peke yake, hiyo inasinzia tu. Nyingine zinasinzia vizuri, nyingine ndiyo zile za kupasha begi moto. Kuanzia Intel kizazi cha 11 laptopu nyingi zilikuja bila S3, kwa hiyo usibabaishwe na muuzaji anayekuongezea laki mbili kwa sababu "hii ni mpya zaidi". Halafu funika, agiza soda, inywe polepole, funua. Rudia mara tatu. Atanuna, mwache anune.

Ya kwanza: ThinkPad T480. Naipendelea na sifichi. Ni ya 2018, nzito kidogo, sura yake ya kikarani. Lakini ina S3, ina nafasi mbili za RAM (weka GB 16, meza sita zinakula), na ina betri mbili: moja ndani, moja ya kuchomoa nyuma. Umeme umekatika, ya nyuma imekwisha? Unaichomoa, unachomeka nyingine, ya ndani inashikilia mashine na hakuna dirisha hata moja linalotikisika.

Hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Betri ya nyuma wanaweka mpya, inaonekana. Ya ndani imekufa zamani, nani ataifungua? Siku unachomoa ya nyuma, mashine inazima papo hapo. Andika `upower -d` ukiwa bado dukani, tafuta BAT0, ndiyo ya ndani, usome mstari wa `capacity`. Mimi nikikuta chini ya 60 nadai punguzo au naondoka. Jaribu pia kuchaji kwa tundu la USB-C, maana T480 za mwanzo zilikuwa na hitilafu ya programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya tundu hilo) inayoweza kuliua tundu lenyewe.

Ya pili: ThinkPad T480s. Nyepesi, nzuri kubeba. Betri ni ya ndani tu, na sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi, nafasi ya kuongeza ni moja.

Ya tatu, zinalingana: HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. RAM zinaongezeka, betri ni moja ya ndani. Fanya jaribio la soda kwa kila moja utakayoshika, usiamini jina.

Zile za bei poa zenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM ya GB 4: meza mbili, basi.

Halafu bei. Ukitamka neno Linux tu, laki tano na nusu inakuwa sita na nusu, eti wewe ni mtaalamu. Chaja inauzwa kivyake, kana kwamba laptopu ilikuwa inakula upepo. Warantii ni wiki moja, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti, na ukirudi siku ya tano "mwenye duka kasafiri".

Kuna kijana mmoja pale sasa hivi akiniona na flashi mkononi anamwambia mwenzake, "Mletee soda, yule wa kufunika kaja."