Maiki mpya au priampu mpya? SM58, AT2020, NT1 na SM7B kwenye Scarlett Solo

Kama tayari una Focusrite Scarlett Solo, kadi ya sauti inayounganisha maiki na kompyuta, priampu ya nje usinunue: priampu ni sehemu inayokuza umeme dhaifu wa maiki, na Solo tayari inayo ndani yake. Rekodi ya chumbani ikitoka na shshsh nyuma yake, au sauti ikiwa nyembamba, wa kwanza kusingiziwa ni priampu, na kwa kawaida ndiyo isiyo na kosa.

Hesabu yake si ngumu. Solo ya toleo la tatu, iliyotoka 2019, ina geini (uwezo wa kukuza) ya desibeli 56, na kelele ya priampu yake imeandikwa dBu -128. dBu ni kipimo cha kiwango cha umeme wa sauti; kadiri namba inavyozidi kuwa chini ya sifuri, ndivyo kelele inavyokuwa ndogo. Sasa chukua rezista ya omu 150, ukinzani unaokaribiana na wa maiki nyingi za dainamiki, zile zisizohitaji umeme. Hata ikilala tu mezani, joto lake peke yake linazaa kelele ya takriban dBu -131. Namba hizo mbili hazikupimwa kwa mchujo mmoja wa masafa ya sauti, kwa hiyo pengo la kweli tuliweke kati ya desibeli 3 na 5. Nafasi ya kuboresha ni hiyo tu. Priampu ya dola elfu mbili nayo itagota hapohapo.

Tena desibeli hizo utazisikia pale tu kelele ya priampu inapotawala. Kwenye maiki za kondensa, zinazohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, haitawali. Audio-Technica AT2020 ina kelele yake ya ndani ya desibeli 20. Kwa usikivu wake wa dBV -37 (kipimo kingine cha kiwango cha umeme), kelele hiyo inaingia kwenye kadi ya sauti ikiwa karibu dBu -109, yaani juu ya kelele ya Solo kwa desibeli 19. Rode NT1, ambayo kelele yake ni desibeli 4 tu, bado inaingia na dBu -120 hivi. Anayesoma simulizi kwa sauti ya chini na kusikia shshsh kwenye AT2020 atapata nafuu kubwa akihamia NT1: desibeli 16 zinaondoka siku hiyohiyo. Akinunua priampu, hapati kitu.

Ila NT1 ina sharti lake, nalo ni chumba. Maiki hiyo inanasa pangaboi, friji ya chumba cha pili, bodaboda inayopita nje na mvua juu ya mabati. Chumba chenye vigae sakafuni, kuta za zege na dirisha la kioo kitarudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kwa programu yoyote bila kuichubua sauti. Povu jembamba la kubandika ukutani linakata sauti za juu tu. Ile besi ya kifua cha mwanamume inabaki inazunguka, na sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Magodoro mawili yaliyosimamishwa kwa pembe nyuma ya msemaji, pamoja na blanketi zito juu yake, yanafanya kazi kuliko povu hilo. Maiki hizi zinasikia mbele, kwa hiyo sehemu ya kufunika kwanza ni nyuma ya mgongo wako. Wengi wanafunika nyuma ya maiki.

Chumba kikishindikana, maiki sahihi ni ya dainamiki, Shure SM58. Iko sokoni tangu 1966, na inauzwa karibu dola 100. Inashika kuanzia hezi 50 hadi 15,000, kwa hiyo ule ung'avu wa kondensa usiutarajie. Faida yake ni kwamba unaikaribia. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda desibeli 6 wakati mwangwi wa chumba unabaki ulipokuwa. Kutoka sentimita 20 hadi sentimita 5 ni desibeli 12. Linganisha na zile 3 hadi 5 za priampu ya bei mbaya. Gharama ya ukaribu ni besi kuvimba na herufi P na B kupiga mshindo: washa kichujio cha besi kwenye hezi 80 hadi 100, vaa maiki sifongo, kisha uigeuze kidogo ili pumzi ipite pembeni ya kiwambo.

Shure SM7B, nayo ya dainamiki, ndiyo inayowapeleka watu kwenye maduka ya priampu. Usikivu wake ni dBV -59, chini ya SM58 kwa desibeli 4.5, na Shure wenyewe wanashauri geini isiyopungua desibeli 60. Solo yenye 56 haifiki. Anayeimba kwa nguvu karibu na maiki hatasumbuka, lakini msomaji mpole aliyekaa sentimita 15 atarekodi chini mno na kulazimika kupandisha baadaye. Hapa ndipo Cloudlifter CL-1, kiboksi kinachokaa kati ya maiki na kadi, inapoingia: inaongeza desibeli 25 na inajiendesha kwa volti 48 za kadi, bila kuzipitisha kwa maiki. Inafanya inachoahidi. Pamoja na hayo, haipendekezwi hapa kwa mwenye Solo, kwa sababu Scarlett 2i2 ya toleo la nne ina geini ya desibeli 69 ndani yake na inakupa tundu la pili la maiki. Uza Solo, jazia. Na kama SM7B yenyewe hujainunua, SM58 yenye sifongo inakufikisha karibu sana kwa robo ya bei. Tofauti inayobaki ni ya ladha.

Aliye na BM-800, maiki ya kondensa ya bei nafuu, pamoja na kadi ya sauti ya V8 ana tatizo jingine kabisa. Maiki hiyo inahitaji umeme wa volti 48, lakini mara nyingi inauzwa na waya unaoishia kwenye pini ndogo ya milimita 3.5, ambayo hutoa volti chache tu. Inaamka nusu na kuleta kelele. Hapo kubadilisha maiki au kuongeza priampu hakutoshi. Nunua kadi yenye tundu la XLR (lile la duara la pini tatu) na volti 48 kwanza, ujaribu tena hiyo BM-800 kwa waya wa XLR pande zote mbili; huenda ikakushangaza.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha mkosaji ni nani. Nunua plagi ya kiume ya XLR, lehemu rezista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3, uichomeke kwenye kadi mahali pa maiki, volti 48 zikiwa zimezimwa. Acha geini palepale unaporekodia, rekodi sekunde kumi, usome kiwango kwenye programu. Rudisha maiki, nyamaza, rekodi tena sekunde kumi. Kelele ikipanda kwa desibeli 10 au zaidi maiki inaporudi, ni chumba au maiki, priampu iache. Zikilingana, hapo kweli kadi ndiyo inayokubana.

Mngurumo wa chini usiokoma ni kitu kingine, na mara nyingi ni umeme wa ukutani wa hezi 50 ukipita kwenye chaja ya laptopu. Chomoa chaja, sikiliza. Mngurumo ukikoma, weka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi. Pini ya ardhi usiikate.

Kwa atakayenunua priampu ya nje licha ya haya yote: waya wake wa kutokea uingie kwenye kadi kwa jeki ya milimita 6.35, upande wa laini (line). Ukiuingiza kwa XLR unapita kwenye priampu ya Solo tena, na umelipia rangi ya sauti ya kifaa kimoja kisha ukaipaka ya kingine juu yake.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu SM58 yenyewe, ambayo bandia zake zimejaa Kariakoo na Luthuli kama kwingineko. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 hivi. Toleo la kawaida, SM58-LC, halina swichi na halina waya ndani ya boksi. Linakuja na kishikio na mfuko wa zipu. Ukikuta waya umewekwa kama zawadi na bei ni nusu, nenda na mizani ndogo ya jikoni, na uombe kuipima kabla ya kulipa.