Duka Jipya la Mlandege na Banda Lililoachwa Tupu Nyamanzi

Kwa miaka minne mfululizo, kila ilipofika Januari na Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Zanzibar yakafunguliwa katika shamrashamra za Mapinduzi, nilikuwa nikipanda gari ya Fumba hadi viwanja vya Nyamanzi kwa ajili ya banda moja tu, la kampuni ya simu na vishikwambi ambayo jina lake nitalisitiri. Mwaka huu mahali pa banda hilo nilikuta turubai tupu, viti viwili vya plastiki na karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, ikieleza kwamba kampuni haitashiriki na kwamba wateja wote wanakaribishwa katika duka lake jipya lililopo Mlandege. Mbele ya karatasi hiyo walisimama vijana wapatao kumi na tano, wengi wao wakiwa na fulana walizogawiwa na kampuni yenyewe miaka iliyopita, ila safari hii wamezivaa nje ndani, na mmoja wao ameinua kipande cha boksi kilichoandikwa: "Sisi tumekuja, nyinyi mko wapi?" Hawakufanya fujo yoyote. Walikaa hadi adhuhuri, wakaenda kusali, wakarudi wakasimama palepale.

Watatu kati yao niliwasomesha somo la kompyuta skuli, na nilipowauliza kwa nini wasiende dukani kama walivyoelekezwa, mmoja alinijibu, "Mwalimu, dukani tutakwenda, lakini dukani nani atatujibu?" Swali hilo ndilo lililonipeleka Mlandege siku mbili baadaye, nikiwa na kishikwambi changu kisichoshika chaji sawasawa. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe katika ziara hiyo.

Kama duka, ni duka zuri, na si haki kulinyima sifa yake. Limepakwa rangi nyeupe, kipoza hewa kinafanya kazi, bei zimeandikwa wazi kwenye kila kifaa, jambo ambalo katika mtaa ule wa kupatana bei ni la kushangaza, na risiti inatolewa bila ya mteja kuiomba. Binti aliyenipokea aliniamkia kwa adabu, akanipa kiti, akanitajia tofauti za simu tatu mpya bila ya kubabaika. Kava na protekta zipo za kutosha. Anayetaka kununua simu mpya yenye waranti ya mwaka mmoja, akaondoka nayo ndani ya dakika ishirini, hana sababu ya kwenda kwengine.

Tatizo lilianza nilipokitoa kishikwambi changu mkobani. Binti alikitazama, akakigeuza, kisha akasema kwa upole, "Baba, hapa hatuna fundi. Tunakipokea, tunakipeleka Dar es Salaam kwa boti, na majibu yanakuja baada ya wiki tatu au nne." Nilimuuliza kama kosa liko kwenye betri au kwenye tundu la chaji, akakiri kwamba hajui. Nilimuuliza kama programu mpya iliyotoka mwezi uliopita ndiyo inayomaliza chaji, kama wanavyolalamika wengi, akanipa nambari ya simu ya huduma kwa wateja. Niliipiga nikiwa mbele yake. Sauti iliyorekodiwa ilinitaka nisubiri, na nilisubiri hadi vocha ikanikatikia.

Katika banda la Nyamanzi, swali kama hilo lilikuwa likijibiwa mezani. Kampuni ilikuwa ikileta mafundi wawili kutoka makao yake, nao walikifungua kifaa mbele ya macho yako, wakakipima betri kwa mita, wakakwambia kilichoharibika na kama kinafaa kutengenezwa au kinyamaziwe tu. Waliosimama nyuma yako kwenye foleni walikuwa wanasikia, kwa hiyo swali la mtu mmoja likawa somo la watu ishirini. Mafundi simu wa Darajani walikuwa wakija na madaftari yao kuuliza vipuri halisi vinajulikanaje na vya bandia, na niliwahi kumuona mzee mmoja aliyetoka Wete na simu nne za familia nzima ndani ya mfuko wa rambo, akaondoka na tatu zinazofanya kazi. Duka la Mlandege halina foleni ya namna hiyo. Unaingia peke yako, unauliza peke yako, na usipojibiwa hakuna wa pili anayejua kuwa hukujibiwa.

Kampuni yetu si ya kwanza kutoa hoja ya duka. Tarehe 16 Disemba 2008, kampuni ya Apple ya Marekani, inayotengeneza kompyuta na simu, ilitangaza kwamba maonesho ya Macworld, yanayohusu kompyuta zake za Mac, ya mwezi uliofuata mjini San Francisco yangekuwa ya mwisho kwake, na kwamba mkuu wake Steve Jobs hatatoa hotuba ya ufunguzi kama ilivyozoeleka, bali Phil Schiller, mkuu wake wa masoko. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba maonesho yamekuwa njia ndogo sana ya kuwafikia wateja, kwa kuwa maduka ya kampuni yanatembelewa na zaidi ya watu milioni 3.5 kila wiki. Baadhi ya mashabiki walipinga kwa hasira. Maonesho hayo yalikuwapo tangu 1985, na katika maonesho hayo ndipo simu ya iPhone ilipooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Januari 2007, na mwaka uliofuata kompyuta mpakato ya MacBook Air ikatolewa ndani ya bahasha ya karatasi. Pembeni mwa banda kubwa walikuwapo watengenezaji wadogo wa programu na vifaa, ambao hakuna duka la Apple lingewapa meza ya kukaa na kuzungumza na mnunuzi uso kwa uso.

Kuna jambo jengine ambalo, kwa maoni yangu, kampuni huliogopa zaidi ya gharama za banda. Agosti 1997, katika maonesho hayohayo yaliyofanyika Boston, Jobs alipotangaza kwamba Microsoft, mshindani wao mkubwa, itawekeza dola milioni 150 katika Apple, na uso wa mkuu wake Bill Gates ukatokea kwenye skrini kubwa, umati ulizomea. Wateja walimzomea mshirika mpya wa kampuni waipendayo, mbele ya waandishi wa habari, na Jobs akalazimika kusimama jukwaani na kuwaeleza. Dukani hakuna anayeweza kuzomea. Ukijaribu peke yako, mlinzi atakuona mgonjwa.

Hotuba ya Schiller ilitolewa tarehe 6 Januari 2009. Ilikuwa na mambo yake, ikiwemo kompyuta ya inchi 17 yenye betri isiyotolewa na habari kwamba nyimbo za iTunes, duka la muziki la Apple mtandaoni, zitauzwa bila ya kufuli la kuzuia kunakili, na mwishoni akaitwa mwimbaji Tony Bennett kuwaburudisha watu. Mwaka 2010 maonesho yalifanyika Februari bila ya Apple, yakaendelea kwa miaka michache, yakabadilishwa jina, na baada ya yale ya 2014 hayakufanyika tena. Apple haikudhurika. Waliopoteza ni wale wadogo wa pembeni pamoja na wateja waliokuwa wakikutana hapo.

Hata hivyo, hoja ya Apple, ikubalike isikubalike, ilikuwa na kitu nyuma yake, kwani wakati ule ilikuwa na maduka zaidi ya 200, na ndani ya maduka hayo mlikuwa na meza ya mafundi ambapo mteja alikaa akaoneshwa kosa la kifaa chake. Kampuni yetu imeazima jibu bila ya kuazima meza. Ina duka moja kwa Unguja nzima na halina fundi, na kwa upande wa Pemba haina hata wakala. Yule mzee wa Wete akiambiwa aende Mlandege, atalipa nauli ya boti ya kuja na kurudi ili aambiwe kwamba simu zake nne zitapanda boti nyengine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasomaji unategemea wanachokwenda kukifanya. Kununua, nendeni, na mkikague kifaa kabla ya kulipa kwa sababu muuzaji hakatai. Kwa kioo kilichovunjika, duka lilinitajia shilingi 180,000 pamoja na usafirishaji, ilhali fundi wangu wa Darajani anataka 75,000 na anakibadilisha ukiwa umekaa unakunywa kahawa, ingawa yeye mwenyewe hukiri kwamba kioo chake si cha kiwandani. Kwa swali la kitaalamu msiende kabisa. Vijana wa fulana nimewapelekea jibu hilo kama lilivyo.

Kabla ya kutoka nilimuuliza binti malalamiko yanapelekwa wapi. Aliinama, akatoa chini ya meza daftari la kurasa 96 lenye jalada la buluu, akanipa na kalamu. Nilikuwa mtu wa kumi na saba kuandika. Nilisoma waliotangulia, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wameandika, kwa miandiko tofauti, kwamba wanataka fundi. Nikamuuliza nani huja kulisoma daftari lile. "Bado hajaja mtu, Baba," alinijibu, akalirudisha chini ya meza.