Tahadhari: Mabegi ya kazi "yasiyochosha mgongo" yanayouzwa kwa simu Arusha na Moshi

Ninaandika kuwatahadharisha wote wanaosafiri na begi la kazi mgongoni kati ya Moshi, Arusha na wilaya za jirani. Kuna muuzaji anayetangaza kwa simu mabegi ya kompyuta mpakato ambayo anadai hayachoshi mgongo wala mabega. Huonyesha picha za begi zuri, hutuma begi jingine kabisa, na akidaiwa hubadilisha namba. Mwezi uliopita nilimlipa shilingi 85,000, kisha nikamwongezea 15,000 kwa ahadi ya kubadilishiwa, na mpaka leo sijapata begi wala fedha. Jina la duka lake silitaji kwa sababu tangu nimlipe amekwisha kulibadilisha mara mbili, na mtu atakayekariri jina la zamani anaweza kumpigia mtu yuleyule kwa jina jipya. Kisichobadilika ni mbinu yake, nami nitaieleza kadiri nilivyoiona.

Kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vidogo vya akiba na mikopo, kwa hiyo kila wiki ninapanda Kosta mara tatu au nne. Begini huwa na kompyuta, chaja, leja mbili, faili la stakabadhi, chupa ya maji na mwavuli. Siku moja nililipima kwenye mizani ya duka la nafaka nikakuta kilo nane na nusu. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, lakini gari likisimama Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River na Tengeru safari hurefuka, na muda wote huo begi huwa umelipakata kwa sababu mahali pa kuliweka hapapo. Ukishuka, unalitia begani na kutembea. Kwa miaka minne nilitumia mkoba wa mkanda mmoja, siku zote bega la kulia, hadi ikafika jioni ambapo sikuweza kuinua sufuria ya maji kutoka jikoni. Ndipo nilipoanza kutafuta begi la mikanda miwili lenye mkanda wa kifuani na wa kiunoni, na ndipo nilipokutana na tangazo lile.

Tangazo limeandikwa na mtu anayewajua vizuri watu wanaoumwa mabega. Linaeleza kwamba begi lina pedi nene mabegani, mgongo wenye matundu ya kupitisha hewa, mkanda wa kiunoni unaopunguzia mabega uzito, na utepe wa nyuma wa kupitishia mpini wa sanduku la magurudumu. Picha zake ni safi mno. Begi la kijivu limewekwa juu ya meza ya mbao, dirishani kuna pazia jeupe, na hakuna hata picha moja inayomwonyesha mtu akiwa amelibeba. Nilipoomba kuliona kwa simu ya video, niliambiwa mtandao wa dukani ni dhaifu. Nilipouliza duka liko wapi ili niende mwenyewe, nilitajiwa eneo la karibu na stendi kuu ya Arusha, kisha nikaambiwa kwamba siku hiyo wamefunga kwa ajili ya kuhesabu mali, na kwamba bei ya ofa ingekwisha saa kumi na mbili jioni. Madukani nilikuwa nimeona mabegi ya namna hiyo kwa shilingi 140,000, kwa hiyo 85,000 ilinivutia. Nakiri pia kwamba wakati wa kutuma fedha simu iliniletea jina la mtu binafsi badala ya jina la duka. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba huyo ndiye mhasibu. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, na ninawaomba ninyi msimame hapohapo.

Kifurushi kilikuja na basi la jioni. Kilikuwa kimezungushiwa utepe wa plastiki tabaka juu ya tabaka, kiasi kwamba bila kisu hakifunguki, na kijana wa ofisi ya vifurushi alitaka nisaini kwanza. Simlaumu, kwa kuwa yeye hukabidhi alichopokea. Lakini sasa ninaamini utepe ule haukuwekwa kwa ajili ya kulinda mali: ulikusudiwa mteja asaini, aondoke, na afungulie mzigo nyumbani. Nilipofungua nililikuta begi la kijivu kweli, lenye umbo linalokaribiana na lile la pichani, lakini bila matundu mgongoni, na utepe wa kupitishia mpini wa sanduku ulikuwa umechorwa kwa mshono tu juu ya kitambaa, haupitishi hata kidole. Nilimwandikia palepale. Alijibu kwa upole kwamba hilo ni toleo jipya, na kwamba nilitumie wiki moja kwanza ndipo nitoe maoni.

Wiki haikufika. Siku ya tatu, Jumatano, siku ya soko Tengeru, nilikuwa nashuka kwenye Kosta huku watu wakipandisha magunia na ndizi, konda akinihimiza niwahi. Nilipoutia mkanda wa kushoto begani, uling'oka juu, kwenye mshono wa mgongo, wote kwa mara moja. Begi lilizunguka, likapiga ngazi ya gari, likaanguka kwenye kokoto. Bawaba ya kompyuta ilipasuka upande mmoja na kioo kikabaki na mstari mweusi. Ile kompyuta ina hesabu za watu, na usiku ule sikulala mpaka nilipohakikisha kwamba mafaili yote yanafunguka.

Kesho yake nilimpelekea begi mzee mmoja hapa Moshi anayeshona mabegi na viatu barazani, mtu ambaye amenirekebishia vitu vingi. Nilimwamkia, akaitikia, akalipindua begi nje ndani kabla sijamaliza kueleza. "Uzi huu ni wa kushonea foronya, mwanangu, si wa begi," alisema, akauvuta kwa kucha na ukakatika. Kisha akachana pedi ya bega kwa wembe. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya boksi vilivyokunjwa, kimoja kikiwa bado na maandishi ya biskuti, na juu yake sponji nyembamba isiyozidi unene wa kipande cha mkate. Kwa sababu hiyo begi lilionekana nene kama lile la pichani na hata likibonyezwa kidogo lingeonekana gumu, lakini siku boksi likipata jasho au mvua linalainika na kubaki karatasi. Mkanda wa kiunoni nao ulikuwa umeshikizwa kwenye bitana peke yake, haukuingia kwenye mshono wa begi, kwa hiyo ungeukaza kiunoni usingebeba chochote zaidi ya kuirarua bitana.

Nilimtumia muuzaji picha za mambo hayo yote. Hakukana. Aliniomba radhi, akasema mzigo ule ulitoka na kasoro kiwandani, na kwamba angenibadilishia mara moja endapo ningetuma shilingi 15,000 za usafiri wa kwenda na kurudi, ambazo angenirudishia pamoja na begi jipya. Nilituma. Jioni hiyo namba yake ilikuwa haipatikani. Wenzangu wawili waliokwisha kununua kwake wameniambia kwamba nao walitozwa fedha ya mara ya pili kwa maneno hayohayo, mmoja 10,000 na mwingine 20,000. Mtu akisharudi na malalamiko, muuzaji huyu humwona kama mteja anayeweza kukamuliwa tena. Kwa hiyo yeyote ambaye tayari ana begi lake bovu mkononi, asitume shilingi moja zaidi kwa jina la kubadilishiwa.

Kwa wanaohitaji kweli begi la kupunguza maumivu, kama nilivyohitaji mimi, yako mambo ambayo picha haiwezi kuwaonyesha na ambayo lazima muyashike kwa mkono. Tafadhali nendeni dukani na mzigo wenu wenyewe, kompyuta na madaftari yale mnayoyabeba kila siku, muutie begini na kutembea nao walau dakika kumi, kwa sababu begi tupu halimuumizi mtu. Kompyuta na vitu vizito vikae upande wa mgongo, karibu na mwili, kwani vikiwa mbali vinakuvuta nyuma nawe unainama mbele kujisawazisha, na hapo ndipo shingo inapoanza kuuma. Mikanda ikazwe mpaka begi litulie mgongoni. Likining'inia hadi makalioni litakuchosha hata likiwa na pedi za aina gani. Mkanda wa kifuani kazi yake ni kuizuia mikanda ya mabega isiteleze kwenda nje.

Kuhusu mkanda wa kiunoni, sisi wa Moshi tuna watu wa kuwauliza. Mpagazi au mwongozaji yeyote wa Mlima Kilimanjaro mwenye begi halisi la mlimani atakuonyesha kwamba mkanda huo ni mpana, una pedi ngumu, unakaa juu ya mifupa ya nyonga, na ukishakazwa unahisi mabega yamepumua. Utepe mwembamba wa kitambaa unaofungwa tumboni husaidia begi lisiyumbe na si zaidi ya hapo, na anayeuuza kwa maneno ya kupunguza uzito anakudanganya hata kama begi lenyewe ni zima. Mahali mkanda wa bega unapoungana na begi pindua uangalie: katika begi zuri mshono hapo umerudiwa mara nyingi, aghalabu kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani, na kitambaa cha mkanda kimeingia ndani ya mshono mkuu. Fungua na kufunga zipu zote huku begi likiwa limejaa.

Upande wa malipo, muuzaji mwenye duka la kweli anaweza kukupa Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, na jina la biashara litatokea kabla hujathibitisha muamala. Dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ambayo kisheria muuzaji anawajibika kuitoa na wewe unawajibika kuidai; mfanyabiashara mdogo asiye na mashine akuandikie ya mkono, yenye tarehe, bei na aina ya begi. Kama mzigo lazima uje kwa basi, mkubaliane kabla ya malipo kwamba utaufungua mbele ya karani, na asiyekubali msinunue kwake.

Nimekwisha kutoa taarifa kituo cha polisi na kupewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yangu, na namba zote mbili za simu alizotumia nimezituma kwenda 15040, ambako hupokelewa taarifa za namba za matapeli. Polisi waliniomba ujumbe wa miamala, picha za tangazo na mazungumzo yote, na ilinisaidia sana kwamba sikuwa nimefuta kitu. Wenzangu wawili wamekubali kwenda kuandikisha malalamiko yao. Kama nawe ulilipia begi la kijivu lililopigwa picha juu ya meza ya mbao karibu na pazia jeupe, piga picha ya kila ujumbe leo kabla hajakuzuia, uitunze ile karatasi ya kifurushi yenye jina la mtumaji, na ufike kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Kama umelipa na kifurushi bado kiko njiani, nenda stendi na wembe, ukifungue hapo hapo kaunta, na usisaini mpaka uone kilichomo.