Ziara ya Capitol, Washington: kuba la chuma kwa jicho la fundi

Nimechomelea vyuma kwa miaka 22: mageti, ngazi za nje, mapaa ya maghala. Kwa hiyo nilipojiandikisha kwa ziara ya Capitol, jengo la Bunge la Marekani, shida yangu haikuwa viti vya maseneta. Nilitaka kuliona kuba. Wengi wanaoliona kwenye picha hudhani ni marumaru. Ni chuma, zaidi ya tani 4,000 za chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu kipande kwa kipande, kikafungwa kwa bolti na kupakwa rangi nyeupe mpaka jicho likasadiki kuwa ni jiwe.

Ziara ni bure na hufanyika Jumatatu hadi Jumamosi. Weka nafasi mapema kwenye tovuti yao. Mlango wa wageni uko upande wa mashariki na unashuka chini ya ardhi, kwenye kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2008. Mtakaguliwa. Msibebe chakula wala kinywaji, na chupa ya maji iwe tupu. Mnaanza kwa filamu fupi, kisha mnagawanywa vikundi na kila mtu anapewa hedfoni. Hedfoni hizo msizidharau. Ndani ya ukumbi wa mviringo sauti za vikundi vitano hugongana na kurudi, lakini ya mtembezaji wenu inabaki sikioni kana kwamba mmesimama wawili tu.

Kituo cha kwanza ni Crypt, chumba chenye nguzo 40 za jiwe la mchanga. Wenzangu walikimbilia nyota iliyo katikati ya sakafu, mahali ambapo robo nne za jiji zinakutana. Mimi nilibaki kwenye nguzo. Ni nene, fupi, zimekaribiana, na ukiziona tu unajua zimebeba kitu kizito. Zimebeba sakafu ya Rotunda, ule ukumbi wa mviringo ulio chini ya kuba. Jiwe lake lilitoka machimbo ya Aquia Creek, Virginia, na sehemu kubwa ya kazi ya kulichimba ilifanywa na watumwa ambao malipo yao yalikwenda kwa mabwana zao. Kipande cha jiwe hilo kimewekwa kama kumbukumbu Emancipation Hall, ukumbi mkuu wa kituo cha wageni. Kitafuteni kabla hamjatoka.

Halafu mnapanda Rotunda. Upana wake ni mita 29 na kimo chake mita 55, na kila anayeingia huinua kichwa bila kuambiwa. Hapa ndipo nawaomba mtulie. Ukuta wa chini ni jiwe lilelile la mchanga. Fuateni ukuta kwa macho kwenda juu, mpite picha kubwa za mafuta, mfike juu ya picha hizo, chini ya madirisha. Jiwe limekwisha, na kutoka hapo mpaka kileleni kinachowafunika ni chuma. Hata ule ukanda unaozunguka ukumbi, unaofanana na sanamu zilizochongwa ukutani, ni rangi tu. Constantino Brumidi aliuanza mwaka 1878, akafa mwaka 1880 kazi ikiwa haijafika mbali, na ukaja kukamilishwa na wengine mwaka 1953. Mchoro wake mwingine, ule wa George Washington akiwa mawinguni, uko kileleni kabisa. Watu huulalia chini kuupiga picha. Kwangu ulikuwa wa pili. Wa kwanza ni kile kinachoushikilia.

Kabla ya hili palikuwa na kuba dogo la mbao lililovikwa shaba, lililokamilika miaka ya 1820. Bunge lilipoongezewa mabawa mawili makubwa miaka ya 1850, likaonekana kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Tena mbao huwaka, na maktaba ya Bunge, iliyokuwa humohumo ndani ya Capitol, ilikuwa imeshaungua mwaka 1851. Msanifu majengo Thomas U. Walter akachora kuba la chuma. Kazi ilianza mwaka 1855 na kukamilika mwaka 1866. Ni magamba mawili, la ndani na la nje, yaliyoshikwa na mbavu 36, na kati yake kuna ngazi. Ziara ya kawaida haipandi huko, lakini ukilijua hilo unaangalia juu kwa namna nyingine: unachokiona ndani sicho kinachoonekana nje.

Kuna habari moja ambayo kila mkandarasi ataielewa. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, serikali iliamuru kazi isimame, na malipo yakasimama pia. Kiwanda kilichokuwa kinasubu vyuma kilikuwa na karibu tani 590 zimelala pale uwanjani. Wakaendelea kufunga. Huwezi kuacha mzigo wa namna hiyo unyeshewe na kuibiwa ukingoja vita viishe.

Mwaka 2014 walianza kulitengeneza kuba kwa sababu lilikuwa na nyufa zaidi ya 1,000 na maji yalikuwa yanaingia. Mtu atauliza, si wangechomelea? Chuma cha kusubu cha zamani hakitaki moto wa haraka. Nimejaribu mwenyewe kwenye miguu ya mashine za zamani: unaziba ufa huu, unasikia mlio, ufa mwingine umetokea pembeni. Pale walitoboa matundu kuufuata ufa na kukaza pini za chuma zinazobana pande zote mbili, kama mshonaji anayefunga kitambaa kilichochanika. Kazi iliisha mwaka 2016. Nilikodoa macho nikitafuta alama ya mshono mmoja. Sikuuona.

Statuary Hall, ukumbi wa sanamu, nitaipita haraka. Zamani ndipo walipokutana wawakilishi, na dari lake lilivyopinda, mtu akinong'ona upande mmoja anasikika upande wa pili. Sanamu zinazoletwa na majimbo zilijaa humo mpaka mwaka 1933 ikabidi nyingine zihamishwe, maana sakafu isingestahimili uzito.

Dakika zangu nyingi niliziacha Emancipation Hall, mbele ya kielelezo cha plasta cha Sanamu ya Uhuru (Statue of Freedom, si ile ya New York). Sanamu yenyewe, ya shaba nyeusi, ina karibu mita 6 na tani 6.8, na imesimama juu ya kuba, ncha yake ikiwa mita 88 kutoka ardhini. Kielelezo kilitengenezwa Roma na Thomas Crawford na kusafirishwa vipande vipande. Ili sanamu ya shaba isubiwe kwa kukifuata, ilibidi kifunguliwe tena, lakini fundi aliyekiunganisha aligoma kuonyesha kinavyofunguliwa mpaka aongezewe malipo. Aliyefumbua ni Philip Reid, mtumwa wa Clark Mills, mwenye kiwanda kilichoisubu sanamu hiyo. Alifunga kamba na roda kwenye pete ya chuma iliyokuwa kichwani mwa sanamu, akavuta polepole, mpaka mistari ya maungio ikajionyesha. Mistari ikionekana, kazi imekwisha. Kinachobaki ni kufungua bolti.

Kumbukumbu za malipo zinasema alilipwa dola 1.25 kwa siku kwa kutunza moto wa kalibu, Jumapili 33, jumla dola 41.25. Siku sita nyingine za juma malipo yalikuwa ya Mills. Aprili 1862 watumwa wa Washington waliachiwa huru, naye akiwamo. Kipande cha mwisho cha sanamu kilipandishwa tarehe 2 Desemba 1863, na kufikia siku hiyo Reid alikuwa mtu huru.

Nawapa nyota tano. Kwa wenzangu wa vyuma: fikeni mapema, maana Emancipation Hall iko nje ya muda wa mtembezaji na hakuna anayewaharakisha. Mimi nilirudi mara ya pili baada ya ziara, nikakizunguka kielelezo taratibu, nikitafuta kama ningekuwa mimi ningeifunga wapi ile kamba.