Sketi, gauni au suruali: mwanamume anayevaa nguo za kike Tanga anunue ipi kwanza?

Mwanamume anayependa kuvaa nguo za kike, na ambaye fedha yake kwa sasa inatosha nguo moja tu, ninamshauri aanze na sketi, afuatishe gauni, na suruali aiache mwisho. Wapo wenzetu wanaoipigania suruali ya kitambaa kwa hoja kwamba ndiyo wanayovaa wanawake wengi maofisini, na kwamba mtu aweza kupita nayo mitaa ya Ngamiani hapa Tanga bila kuangaliwa mara mbili. Ni kweli, ila aliyekwisha kushinda kutwa nzima ndani ya suruali, akirudi nyumbani kuvaa nyingine, hahisi mabadiliko yoyote mwilini.

Sketi inakaa kiunoni tu, kwa hiyo mabega yetu mapana hayahusiki, na marinda yanazijazia nyonga zetu nyembamba. Pima kiuno usawa wa kitovu au juu yake kidogo, si pale unapofungia mkanda. Mimi nilipimwa chini, na sketi yangu ya kwanza ikawa inateleza kila nikipiga hatua, pindo likiburura sakafuni, mpaka nikairudisha kwa fundi. Chagua pamba, kwa sababu poliesta huganda mapajani kwa joto na unyevu wa Tanga, na ikiwa kitambaa ni chepesi, nunua na gagulo. Anayesitasita aanze na kikoi alicho nacho: sisi wa pwani tumeizoea tangu utotoni nguo isiyo na miguu miwili, na kutoka hapo kwenda kwenye sketi si safari ndefu.

Gauni la kubana linataka tahadhari, kwani mara nyingi hukwama mabegani kabla halijafika kiunoni. Ukienda kwenye mitumba, chukua shati lako linalokutosha, ulitandaze juu ya gauni, ulinganishe mshono wa bega hadi bega. Utajua ukweli bila kujaribu mbele ya watu. Dera halina shida hiyo, kwa kuwa ni pana na halikukatwa kufuata bega. Aliye mrefu ataachwa vifundo nje, basi.

Suruali ya kike hukatwa kwa ajili ya kiuno chembamba na nyonga pana, ndiyo maana kwetu hubana msambani huku ikipwaya pembeni. Kwa mwenye haja ya kutoka nayo nje, hata hivyo, mimi mwenyewe ningeipandisha hadi nafasi ya pili. Achukue iliyozidi saizi moja, yenye zipu ya ubavuni na kitambaa laini kisichokakamaa, kisha fundi anayetunza siri aipunguze kiunoni na nyongani, asiuguse msamba.