Suzuki Carry: uzoefu wangu wa kushusha mboga za Mgeta kwa Kirikuu

Kirikuu, yaani pikapu ndogo ya Suzuki Carry, inasemwa vibaya kuliko inavyostahili, na wanaoisema zaidi ni watu ambao hawajawahi kuimiliki. Pita kijiwe chochote Morogoro mjini uulize habari za Suzuki Carry. Utaambiwa ni gari la kitoto, bati jepesi, injini ya pikipiki, kwenye njia ya vumbi haimalizi mwaka. Mimi ninayo ya modeli ya DA63T, ya mwaka 2009, gia za mkono, na ndiyo inayonishushia mboga kutoka Nyandira kule Mgeta hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ada za watoto zimetoka humo, na nyumba ninayoimalizia inatoka humo humo. Nina haki ya kulitetea gari hili, na nina haki ya kusema pale linapoishia.

Linaishia kwenye kilo 350. Huo ndio uzito liliotengenezewa kubeba, na ndio uzito ambao madereva wengi hawataki kuusikia. Japani wana daraja la magari madogo linaloitwa kei. Sheria yao inataka gari la daraja hilo lisizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, injini isizidi cc 660, na likiwa pikapu mzigo usizidi kilo 350. Mwenye gari la namna hiyo analipa kodi ndogo, ndiyo maana wakulima wa mpunga, mafundi seremala na wauza samaki wa kule wanazo. Yaani Carry ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo mdogo anayetoka kila siku. Sisi tunaipokea bandarini Dar es Salaam, tunaipakia viazi vya lumbesa mpaka spring zinanyooka, halafu klachi ikiungua tunasema Suzuki mbovu.

Hebu piga hesabu. Tenga la nyanya lililojaa vizuri linafika kilo arobaini hivi. Ukiweka manane umeshakaribia 320, na utingo akipanda juu ya mzigo umeshavuka. Lakini bodi ni ya karibu mita mbili, kwa macho inaonekana bado ina nafasi, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Sheria yangu na vijana wanaonipakilia ni moja: tunaangalia spring za nyuma, hatuangalii nafasi iliyobaki. Wakulima wa Nyandira walikuwa wananinunia kwa kuacha magunia yao. Sasa wamezoea, kwa sababu mboga zao zinafika sokoni mapema wakati wengine wamekwama kwenye kona wakisubiri fundi apandishwe na bodaboda.

Njia yenyewe kwa asiyeijua: unaacha lami ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mzumbe na Mlali, kisha unaanza kuupanda mlima wa Uluguru. Kupanda nakwenda na gari tupu, hivyo injini hainung'uniki. Nguvu zake ni za farasi kama hamsini tu, lakini gari lenyewe lina uzito wa kilo kama mia saba, na gia ya kwanza ni fupi sana, inavuta kama trekta. Kazi iko kwenye kushuka. Carry ina breki za disiki mbele na ngoma nyuma, na ukishuka kwa kukanyaga breki muda wote utazinusa kabla hujafika Mlali. Mimi naingiza gia ya pili juu kabisa, naiacha injini ishikilie, na breki nazigusa kwenye kona tu. Kijana yeyote atakayeliendesha gari langu naanza kumfundisha hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Injini iko chini ya viti. Unafungua kufuli za kiti cha abiria, unakiinua kwa mkono mmoja, na hii hapa: kichwa cha injini ya silinda tatu, plagi, kifuniko cha oili, vyote unavifikia bila kulala chini. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nainua kiti, nachomoa kijiti cha oili, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha na kuchomoa tena. Halafu naangalia maji kwenye tangi la akiba. Kazi ya dakika chache. Ubaya wa mpangilio huo ni kwamba joto lote la injini liko chini ya mapaja yako, na mchana wa Februari, mwenye kiti cha katani na asiye na katani wote wanaumia sawasawa.

Kuhusu joto nina jambo la kukazia. Kichwa cha injini hii ni cha alumini, na alumini ikizidiwa moto inapinda. Kuna gereji moja, sitaitaja jina, ambayo fundi wake aliitoa thamostati ya gari langu bila kuniuliza, akamwaga kulenti na kuweka maji ya bomba, akaniambia "Afrika hakuna baridi, mzee." Nililigundua hilo kwa sababu mshale wa joto ulikuwa haupandi kabisa nikiwa barabara kuu, kisha unaruka ghafla mlimani. Nilirudisha kila kitu mahali pake kwa fundi mwingine. Thamostati si pambo. Inaifanya injini ikae kwenye joto lake linalotakiwa, na kulenti inazuia kutu ndani ya njia za maji na kuchelewesha kuchemka. Kirikuu nyingi zilizokufa gasketi hazikufa kwa ubovu wa Mjapani, zimeuawa kwa namna hii.

Ukiijua historia ya kampuni, unaelewa kwa nini gari liko hivi lilivyo. Michio Suzuki alikuwa fundi seremala wa Hamamatsu, na mwaka 1909 alianzisha karakana ya mashine za kufumia nguo. Si mbali na hapo, mtu mwingine aliyepata jina kwa mashine za kufumia alikuwa Sakichi Toyoda, ambaye ukoo wake ndio ulioleta Toyota. Kampuni mbili zinazobeba mizigo yetu zimetoka kwenye nyuzi. Baada ya vita watu wa Japani hawakuwa na pesa ya gari, walikuwa na baiskeli. Suzuki wakawatengenezea injini ya cc 36 ya kufunga kwenye baiskeli, mwaka 1952. Mwaka 1955 wakatoa Suzulight, gari dogo la cc 360, na mwaka 1961 ndipo Carry ya kwanza ilipozaliwa. Kwa hiyo hili jina linabeba mizigo tangu mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru.

Mtu aliyeifikisha kampuni ilipo ni Osamu Suzuki. Alioa katika ukoo huo akachukua jina la wakwe, akawa rais wa kampuni mwaka 1978, na mwaka uliofuata wakatoa Alto kwa yeni 470,000, bei iliyowashtua washindani. Mwaka 1982 alitia saini mkataba na serikali ya India, nchi ambayo wakati ule wenye viwanda wakubwa hawakuiona kuwa soko, na Disemba 1983 Maruti 800 ikaanza kutoka. Leo karibu magari mapya manne kati ya kumi yanayouzwa India ni ya Maruti Suzuki. Aliendelea kuwa na sauti katika kampuni mpaka akastaafu uenyekiti mwaka 2021, na alifariki Disemba 2024 akiwa na miaka 94. Namheshimu sana mzee yule. Aliona kwamba mtu mwenye kipato kidogo ni mteja kamili anayestahili gari jipya lenye waranti, wakati wengine walimwona wa kusubiri mitumba.

Sifa yao si safi yote. Mei 2016 kampuni ilikiri kwamba ilikuwa inapima ulaji wa mafuta kwa njia isiyokubalika na kanuni za Japani, na Osamu akaachia cheo cha mtendaji mkuu, ingawa alibaki mwenyekiti. Marekani walishindwa kabisa: tawi lao la kule liliomba kinga ya mufilisi mwaka 2012 na kuacha kuuza magari. Wajerumani wa Volkswagen walinunua asilimia 19.9 ya Suzuki mwaka 2009, wakagombana, kesi ikaenda kwa wasuluhishi, na mwaka 2015 Suzuki wakazinunua hisa zao zikarudi. Hilo la mwisho mimi nalihesabu upande wa sifa njema, maana walikataa kumezwa. Toyota waliingia mwaka 2019 kwa kununua karibu asilimia tano tu, na matunda yake yako barabarani kwetu: ile Toyota Starlet mpya iliyoanza kuuzwa Afrika mwaka 2020 ni Suzuki Baleno ya India yenye nembo ya Toyota. Mtu anayeidharau Suzuki huku akiisifu Starlet hiyo anasifu kazi ya mikono ile ile.

Turudi kwenye matumizi. Mafuta ninapata kama kilomita 13 hadi 15 kwa lita, kushuka na mzigo na kupanda mtupu kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kubaki na faida msimu ambao kabichi imeshuka bei. Spea zipo. Pedi, filta, plagi, klachi, vyote vinapatikana Morogoro, na kama hakuna, Kariakoo hukosi. Tairi zake ni 145R12, na hapa usidanganywe na bei: nunua zenye ply (tabaka) sita za kubebea mizigo. Maduka yanauza za gari la abiria zenye ukubwa huo huo kwa bei nafuu, zinapasuka ubavu kwenye mawe ya Mgeta.

Kuna watu wanaongeza majani ya spring za nyuma ili gari lisikae chini likipakiwa. Siwashauri. Ukiongeza jani hujaongeza ekseli, hujaongeza breki, hujaongeza klachi. Umeondoa tu ile dalili iliyokuwa inakuonya kwamba umezidisha.

Usalama ndio unaonifanya nisilipeleke Dar es Salaam. Mbele ya magoti yako kuna bati kidogo sana, na kwenye barabara kuu lori la kontena likikupita, upepo wake unalisogeza gari zima. Kwa safari fupi, mwendo wa 60, hakuna shida. Mwenye biashara ya kwenda Dar kila wiki anunue kitu kingine, hata kama atakopa. Mtu mrefu pia atateseka, kwa sababu kiti hakirudi nyuma kiasi cha kutosha na usukani unagusa mapaja.

Kwa anayetaka kununua, angalia kwanza namba ya chesisi. DA63T zina injini ya K6A yenye cheni ya taiming, haina mkanda wa kubadilisha. Carry za zamani zaidi zenye F6A zinatumia mkanda, na ukinunua mkononi kwa mtu, badilisha mkanda huo siku hiyo hiyo bila kusikiliza maelezo yake. Ingia chini ya gari na tochi, kwa sababu kaskazini mwa Japani wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo inakula chesisi na pembe za bodi. Rangi ya juu inaweza kung'aa na chini pakawa biskuti. Kabla ya kulipa chochote kwa wakala, pitisha gari kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari la miaka mingi lina tozo ya uchakavu inayoweza kukuvuruga bajeti yote.

Kitu kingine wanachojua wachache: Suzuki huwatengenezea wenzao. Mazda Scrum ni Carry. Nissan Clipper iliyotoka kuanzia mwisho wa 2013 na Mitsubishi Minicab za kuanzia 2014 nazo ni Carry ya kizazi kilichofuata hii yangu, injini na bodi vyote vya Suzuki. Mnadani mara nyingine zinakwenda kwa bei ya chini kwa sababu wanunuzi wa huku wanatafuta jina la Suzuki peke yake. Mimi ninayoitafuta sasa ni ya kizazi hicho kipya, yenye uwezo wa kuvuta tairi zote nne kwa ajili ya matope ya masika, na gia za mkono. Zipo zenye gia za kujibadilisha wanazoziita AGS, lakini mafundi wa hapa mjini bado hawajazizoea, na sitaki kusimama mlimani nikiwa na karoti za watu.