Kamera ndogo ya kupigia watoto picha ndani ya nyumba: ipi ununue Uganda na ipi uiache dukani

Kamera ndogo nyingi madukani Kampala husifiwa kwa megapikseli na zumu. Kwa mzazi anayetaka picha za mtoto sebuleni, yote mawili hayana kazi kubwa. Mtoto wa miaka miwili hatulii, na sebule zetu zina giza kuliko macho yanavyodhani: mapazia mazito, mlango uliorudishwa, balbu moja ya LED katikati ya dari. Kamera ikikosa mwanga huacha shata (kilango kinachopitisha mwanga) wazi kwa muda mrefu, na mkono wa mtoto unatoka kama moshi.

Anza basi na kasi ya shata. Mtoto aliyelala hupigika hata kwa 1/30 ya sekunde. Anayetambaa au kula anahitaji 1/125, na anayerukaruka kwenye kochi 1/250. Kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya kamera hutuliza mkono wako wewe. Mtoto hakimtulizi hata kidogo, ingawa wauzaji wengi watakuambia vingine.

Usiku, chini ya balbu ya kawaida, lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) kwa kasi ya 1/125 itahitaji ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kama 1250. Lenzi ya f/3.5 itahitaji karibu 5000 kwa kasi ileile. Kamera ya bei rahisi haiwezi kufika huko bila picha kujaa chengachenga, kwa hiyo ikiachwa ijiamulie hushusha shata hadi 1/30 au 1/15. Ukubwa wa sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, nao una uzito wake. Sensa ya kamera rahisi ina eneo la milimita za mraba 28 hivi. Ile inayoitwa ya inchi moja (kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8) ina 116, na ya APS-C, aina kubwa zaidi kama ya Fujifilm hapa chini, ina zaidi ya 360. Kigezo cha orodha hii ni hicho: tundu kubwa la lenzi, sensa ya inchi moja kwenda juu, na fokasi inayomkamata mtoto kabla hajageuka.

1. Sony RX100 V au VA, na ikishindikana RX100 III

Tunaiweka ya kwanza kwa familia nyingi. Lenzi yake ya 24–70 mm (namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta karibu) ina f/1.8 upande mpana na haishuki chini ya f/2.8 hata ukivuta zumu hadi mwisho. V ya 2016 na VA ya 2018 zina fokasi ya kasi inayofuata uso wa mtoto anayekujia. III ya 2014 ina lenzi ya namna hiyohiyo lakini fokasi yake husita kidogo gizani. Bei yake ya mtumba ndiyo inayoitetea. Zote zinachajiwa kwa waya wa micro-USB, kwa hiyo umeme ukikatika pawabanki inatosha.

Flashi yake ndogo inayochomoza ina siri nzuri: ukiisukuma nyuma kwa kidole, inaangaza dari badala ya kumpiga mtoto usoni, na mwanga unashuka laini. Hilo linahitaji dari nyeupe isiyo juu sana. Kwenye nyumba ya mabati yasiyo na dari mwanga unapotea juu, na kuta za kijani au pinki zitampaka mtoto rangi yake.

Usidanganywe na namba. RX100 VI na VII ni mpya zaidi na ghali zaidi, lakini zumu yao ndefu imelipiwa kwa lenzi inayoanzia f/2.8 na kushuka hadi f/4.5. Kwa sebule ya usiku, ile ya zamani inazishinda.

2. Canon G7 X Mark II

Ya mwaka 2016, sensa ileile ya inchi moja, lenzi ya 24–100 mm yenye f/1.8 hadi f/2.8. Kwa picha ya uso peke yake, ile 100 mm kwa f/2.8 inapendeza kuliko Sony. Skrini ni ya kugusa: unagusa uso wa mtoto, picha inapigwa. Anayezoea simu ataielewa ndani ya dakika tano. Udhaifu wake ni fokasi, ambayo hubabaika mtoto anapokimbia kuelekea kamera. Pia vijana wa mitandao wameipenda mno hivi karibuni, na bei imepanda kupita thamani yake. Ukiikuta kwa bei ya RX100 VA, chukua Sony.

3. Fujifilm X100F

Kwa ubora wa picha tu ingekuwa ya kwanza. Sensa ya APS-C, lenzi moja ya f/2, na rangi za ngozi zinazotoka vizuri bila kuhaririwa. Haina zumu kabisa. Ukitaka mtoto awe mkubwa kwenye picha, sogea. Haiingii mfukoni, na bei yake ya mtumba inaweza kupita kamera kubwa yenye lenzi mbili. Inamfaa mtu anayependa upigaji picha wenyewe.

4. Panasonic LX100

Sensa kubwa kuliko ya inchi moja, lenzi ya f/1.7 hadi f/2.8, fokasi ya haraka. Ingekaa juu zaidi kama si mambo mawili: haina flashi ndani yake (inakuja na kijiflashi cha kuchomeka juu, ambacho kwenye mitumba mara nyingi kimeshapotea), na lenzi yake inayoingia na kutoka hunyonya vumbi hadi kwenye sensa. Anayeishi kando ya barabara ya murram aiogope.

Ricoh GR III tumeiacha nje ya nafasi. Ina sensa nzuri sana, ila f/2.8, haina flashi, na fokasi yake ni nzito kwenye mwanga hafifu. Ni kamera ya mitaani mchana.

Na zile ndogo za bei rahisi, za aina ya Canon IXUS au Sony W800? Usinunue kwa kazi hii. W800 inaanzia f/3.2 na sensa yake ni ndogo kama ya simu. Simu nzuri ya miaka ya karibuni itaishinda, isipokuwa kwa zumu. Lakini simu nayo, ikiwa kwenye hali ya usiku, huunganisha picha kadhaa. Mtoto akitikisika kati yake, uso unavurugika.

Kununua mtumba bila kuibiwa

Karibu zote za juu utazipata mtumba. Usitume pesa za simu kabla ya kuishika kamera. Ikiwa imetoka Japani, fungua menyu kwanza: kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani kwa kawaida zina menyu ya Kijapani tu, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, ongeza VAT ya asilimia 18 kwenye hesabu kabla ya kusema umepata rahisi.

Iwashe na kuizima mara kumi. Lenzi ikikwama au ikilia kama inasaga mchanga, rudisha. Kisha weka f/8 au f/11, vuta zumu hadi mwisho, piga ukuta mweupe, na ukuze picha kwenye skrini: madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi la ndani, na kulitoa ni kufungua kamera nzima. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni; nyuzi kama za buibui ni kuvu, na hewa ya unyevu ya Entebbe na Jinja inaipenda. Betri iliyovimba usiipokee. Dai chaja, na nunua betri ya pili, kwa sababu RX100 V hufika picha 220 hivi tu kwa chaji.

Mpangilio wa siku ya kwanza

Kwenye RX100 VA tumia hali ya A (wewe unachagua tundu la lenzi), f/1.8, ISO ya otomatiki, na uweke kasi ya chini kabisa ya shata kuwa 1/125. III haina kikomo hicho, kwa hiyo tumia hali ya S (wewe unachagua kasi ya shata) na 1/125. Lenzi itajifungua yenyewe. G7 X iwekwe Tv, jina la Canon la hali ya S, kwa kasi hiyohiyo.

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde. Ukiona picha moja ina giza na inayofuata imeng'aa, shusha shata hadi 1/100. Ukiona mistari ya giza, umewasha shata ya kielektroniki isiyo na sauti, izime.

Mtoto mweusi mbele ya ukuta wa krimu atatoka na giza usoni, kwa kuwa kamera inapima ukuta. Ongeza mwangaza kwa +0.7 hadi +1. Akikaa kwenye kochi la rangi nzito, rudisha sifuri.

Mchana fungua mlango, zima taa ili rangi zisichanganyike, na mwache mtoto acheze mita moja au mbili kutoka mlangoni, nje ya jua lenyewe, wewe ukisimama ubavuni mwa mlango na si nyuma ya mtoto. Hapo ISO inaweza kushuka hadi 200 au 400. Memori kadi ya GB 32 inatosha, ila ijaze yote mara moja kwa kompyuta na usome faili zote tena kabla ya siku kubwa kama ya ubatizo: kadi bandia huandika GB 64 juu, ndani ikabeba 8.